Mchezaji ni wa nani? Maisha ya nahodha Ron Barassi katika kandanda ya Australia

Ron Barassi alikuwa nahodha wa klabu ya Melbourne kwa misimu mitano tu, kuanzia 1960 hadi 1964, kisha akawa nahodha na kocha kwa wakati mmoja katika klabu ya Carlton mpaka mwili ulipokataa kuendelea. Wapo waliodumu katika unahodha kuliko yeye, na wapo waliotunukiwa medali ya Brownlow, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora wa msimu na ambayo yeye hakuipata hata mara moja. Hata hivyo, alipofariki Septemba 2023 akiwa na umri wa miaka 87, jimbo la Victoria lilimwandalia mazishi ya kiserikali katika uwanja mkubwa wa MCG mjini Melbourne, heshima ambayo hesabu ya mechi na vikombe peke yake haitoshi kuieleza.

Vikombe vyenyewe si haba: ubingwa mara 6 akiwa mchezaji na mara 4 akiwa kocha. Lakini anayetaka kumwelewa Barassi afadhali aviweke vikombe kando kidogo, aulize swali lililomwandama mtu huyu tangu utotoni hadi uzeeni, yaani mchezaji ni wa nani? Je, ni wa mtaa anakoishi, wa klabu aliyochezea baba yake, wa kocha aliyemlea, au ni wa nafsi yake? Kila hatua kubwa ya maisha yake ilileta jibu jipya, na mara kadhaa jibu hilo liliwalazimu viongozi wa ligi kubadili kanuni au kutambua kwamba kanuni walizonazo zimechakaa.

Kwanza tuuweke sawa mchezo wenyewe, maana si soka na si raga. Timu mbili zenye wachezaji 18 kila moja hukutana katika uwanja wa umbo la yai, mara nyingi uwanja uleule wa kriketi, na hucheza robo nne. Hakuna kuotea. Mpira ni wa mviringo uliochongoka ncha mbili. Mchezaji anaruhusiwa kuukamata na kukimbia nao, mradi audundishe chini kila baada ya hatua kadhaa, na kuutoa kwa mwenzake ni kwa teke au kwa kuushika kiganjani na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili. Kuurusha kama wa kikapu ni kosa. Anayedaka hewani mpira uliopigwa teke kutoka mbali hupewa nafasi ya kutulia na kupiga bila kubughudhiwa, ndiyo maana wachezaji hupanda hadi mabegani mwa wenzao kuutafuta. Kila upande una milingoti minne: mpira ukipita kati ya miwili ya katikati kwa teke safi ni goli lenye pointi 6, ukipita kati ya wa katikati na wa pembeni ni pointi 1. Hesabu hii ina vituko vyake. Katika fainali kuu ya 1968 Carlton walifunga magoli 7 na pointi za pembeni 14, jumla 56, wakawashinda Essendon waliokuwa na magoli 8 na za pembeni 5, jumla 53. Waliofunga magoli mengi wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Barassi alizaliwa Castlemaine, mji wa machimbo ya zamani ya dhahabu huko Victoria, tarehe 27 Februari 1936, katika ukoo uliotokana na wahamiaji wa Uswisi wanaozungumza Kiitaliano. Baba yake, aliyeitwa vilevile Ron Barassi, alivaa jezi namba 31 ya Melbourne na alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa 1940. Mwaka uliofuata alikuwa askari Tobruk, Libya, na huko akauawa Julai 1941, katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwanawe alikuwa na miaka mitano.

Hapa ndipo swali letu linapoanza kuwa la kisheria. Ligi ya Kandanda ya Victoria, ambayo zamani ilikuwa ni klabu za jiji la Melbourne na vitongoji vyake pamoja na mji wa jirani wa Geelong, ilikuwa imeligawa jiji katika maeneo. Kijana aliyeishi eneo la klabu fulani alikuwa wa klabu hiyo, apende asipende, na makazi ya Barassi yalimweka kwenye mikono ya Collingwood au Carlton. Yeye alitaka Melbourne na hakutaka kwingine. Klabu ya Melbourne nayo ilikuwa na deni la moyo kwa familia ya mchezaji wake aliyekufa vitani, hivyo ikaishawishi ligi kuweka kanuni ya baba na mwana, inayompa mtoto wa mchezaji wa zamani ruhusa ya kujiunga na klabu ya baba yake bila kujali anaishi wapi. Kanuni hiyo ingali hai hadi leo, ingawa imefanyiwa marekebisho mengi, na kila mwaka mashabiki hubishana kama inazipendelea klabu zenye wazee wengi. Wengi wa wanaobishana wamesahau kwamba chimbuko lake ni kaburi la askari huko Afrika Kaskazini.

Mama yake alipoolewa tena na kuhamia Tasmania, kijana huyo hakuifuata familia. Alihamia nyumbani kwa Norm Smith, kocha wa Melbourne ambaye alikuwa amecheza timu moja na marehemu baba yake, akawekwa katika chumba cha uani. Fikiria maisha hayo: mtu anayekupangia mazoezi jioni ndiye unayekunywa naye chai asubuhi. Smith hakumdekeza. Wachezaji wenzake waliona jinsi alivyofokewa kuliko yeyote, kana kwamba mlezi aliogopa kusikia neno upendeleo likitajwa. Barassi aliingia kikosi cha kwanza mwaka 1953, akapewa namba 31 ya baba yake, na hakuwa moto mwanzoni. Tatizo lilikuwa umbo lake.

Wakati huo kila timu ilikuwa na watu watatu walioufuata mpira kokote uendako. Wa kwanza alikuwa raki, mtu mrefu aliyeruka kuugonga mpira mwamuzi alipoudundisha katikati. Wa pili kwa kawaida alikuwa jitu jingine, kazi yake kumkinga wa kwanza na kupokezana naye. Wa tatu ni rova, mtu mfupi mwepesi anayeokota mpira ukidondoka miguuni mwa warefu. Barassi alikuwa mfupi mno kwa kuruka na mzito mno kwa kuokota. Badala ya kumtupa, Smith aliliondoa jitu la pili na kumweka Barassi mahali pake, akamwachia uhuru wa kuvamia, kukaba, kudaka na kukimbia. Nafasi hiyo ikaitwa raki-rova. Inasemekana mara nyingi kwamba Barassi ndiye aliyeibuni. Mimi naona haki ni kusema kwamba Smith aliibuni akilini na Barassi akaithibitisha kwa mbavu zake, kwa kuwa alicheza kama mtu anayekusudia kuupitia ukuta. Viungo wa leo wenye nguvu na kasi kwa pamoja, ambao kila klabu inawatafuta, ni wajukuu wa uamuzi ule.

Matokeo yake ni kipindi ambacho Melbourne haijawahi kukirudia: ubingwa wa 1955, 1956 na 1957 mfululizo. Mwaka 1958 walihitaji mmoja tu kuifikia rekodi ya Collingwood, ambao walikuwa wametwaa minne mfululizo kati ya 1927 na 1930, na mahasimu waliosimama mbele yao katika fainali walikuwa Collingwood haohao. Wachezaji wao waliingia na mpango wa kumchokoza Barassi kwa viwiko na maneno hadi aache kuutazama mpira na kuwatazama wao. Mpango ulifaulu. Collingwood walishinda kwa pointi 82 dhidi ya 64, na rekodi ikabaki kwao. Naikumbusha siku hiyo kwa sababu kasoro yake kubwa inaonekana hapo wazi: moto uliomfanya asizuilike ndio huohuo uliomwezesha adui kumpeleka anakotaka. Hata baada ya kuwa nahodha haukuzimika. Mwaka 1963 alifungiwa mechi nne kwa kumpiga mchezaji wa Richmond, akazikosa mechi za mtoano, na timu yake haikufika fainali kuu bila yeye.

Unahodha aliupata 1960, akiwa na miaka 24, na katika msimu huohuo akaiongoza Melbourne kuwabana Collingwood kwenye fainali hadi wakapata pointi 14 tu mchana mzima, dhidi ya 62. Ila fainali inayosimuliwa hadi leo ni ya 1964. Watazamaji walizidi laki moja, wapinzani ni Collingwood tena, na dakika zilikuwa zinayoyoma. Ray Gabelich, raki wa Collingwood mwenye mwili wa kifaru, aliupata mpira akiwa peke yake na uwanja mtupu mbele. Akaanza kukimbia. Kila alipoudundisha mpira ulimtoroka upande, akaufukuza, akauokota, akaudundisha tena, huku uwanja mzima umesimama, mpaka akafika golini na kuupachika. Collingwood wakawa mbele. Kisha Neil Crompton, beki wa Melbourne ambaye hakuwa na desturi ya kufunga, alimfuata mtu wake mbali kupita kawaida, mpira ukamwangukia, akapiga. Goli. Melbourne 64, Collingwood 60. Barassi akanyanyua kombe lake la sita kama mchezaji na la pili kama nahodha.

Kabla ya mwaka kwisha, akaondoka.

Msomaji wa leo, aliyezoea kuona nyota wakihama kila dirisha la usajili, huenda asielewe kwa nini habari hiyo iliwatia watu simanzi kama ya msiba. Miaka ile nahodha wa timu bingwa hakuhama. Mchezaji alihitaji kibali cha klabu yake ili aende kwingine, malipo yalikuwa madogo, na kilichomshika mtu mahali pake kilikuwa utii zaidi ya mkataba. Mtu ambaye ligi ilikuwa imeweka kanuni mpya ili avae jezi ya baba yake ndiye aliyekuwa anaivua, tena kwa hiari. Carlton, chini ya rais wao mpya George Harris, walimtaka awe nahodha na kocha, na walimwahidi fedha ambazo Melbourne isingempa. Wapo waliomwita msaliti, na watoto waliokuwa na namba 31 mgongoni walilazimika kuamua waifanyie nini.

Sababu ya fedha ilikuwepo, na sioni haya ya kuisema, kwa kuwa mchezaji mwenye familia na ajira ya kawaida alikuwa na haki ya kuifikiria. Nyingine nzito zaidi ilikuwa kiti cha kocha. Barassi alitaka kufundisha, na Melbourne kiti hicho kilikuwa na mwenyewe, mtu aliyemlea. Kukaa kungekuwa kusubiri mlezi wake aanguke. Kwa hiyo akaenda klabu ambayo haikuwa imeonja ubingwa tangu 1947, akaanza upya katika jiji lilelile.

Nafasi ya nahodha-kocha, ambayo sasa imetoweka katika ngazi ya juu, ilimtaka mtu apange kikosi, asimamie mazoezi, atoe hotuba ya mapumziko, kisha arudi uwanjani akabane mpinzani wake mwenyewe. Barassi aliibeba kwa misimu kadhaa, lakini mwili ulikuwa umechoka. Katika mechi 254 alizocheza ligini, 204 ni za Melbourne na 50 tu ni za Carlton. Fainali ya 1968, ile ya pointi 56 kwa 53, aliitazama kutoka benchi.

Melbourne nao? Msimu wa 1965 walianza kwa kushinda mechi nane mfululizo, kisha mwezi Julai uongozi ukampelekea Norm Smith nyumbani kwake barua ya kumfukuza kazi. Kelele zikawa kubwa, akarudishwa baada ya siku chache, lakini chombo kilikuwa kimekwisha kupasuka. Klabu hiyo haikucheza tena mechi za mtoano hadi 1987. Ni rahisi kusema kwamba Barassi aliondoka na bahati yao. Ukweli ni kwamba ugomvi kati ya kocha na viongozi ulikuwa unatokota bila yeye.

Fainali ya 1970 ndiyo iliyomgeuza kuwa kocha wa simulizi. Watazamaji 121,696 waliingia MCG, idadi ambayo haijavunjwa katika mchezo huu. Hadi mapumziko Collingwood walikuwa na pointi 73 na Carlton 29, tofauti ya 44, ambayo hadi siku hiyo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifuta katika fainali kuu. Katika chumba cha kubadilishia nguo, Barassi aliwaambia wachezaji wake wapige ngumi: badala ya kuupeleka mpira mbele kwa teke refu na kuomba Mungu, kila anayeupata amtafute mwenzake wa karibu na kumpa kwa mkono, hata akiwa katika hatari. Vilevile akamwingiza Ted Hopkins, kijana mwembamba wa akiba, ambaye alifunga magoli 4. Mwisho wa mchezo ulisomeka 111 kwa 101, na Carlton wakawa mabingwa.

Simulizi ya mitaani inasema kwamba siku hiyo kandanda ya kisasa ilizaliwa. Mimi ningeipunguza chumvi. Graham Farmer wa Geelong alikuwa amekwisha kuigeuza pasi ya ngumi kuwa silaha miaka kadhaa kabla, na Len Smith, ndugu yake Norm, alikuwa akihubiri mchezo wa kasi wa aina hiyo. Alichofanya Barassi ni kuyatekeleza mawazo ya wengine mbele ya umati mkubwa kuliko wote, katika saa ambayo kocha mwoga angerudi kwenye mazoea. Kuanzia hapo hakuna kocha aliyeweza kusema kwamba ngumi ni ya mtu aliyebanwa.

Swali la umiliki wa mchezaji lilirudi kwa sura mpya muda mfupi baadaye. Ligi, ikiogopa kwamba mahakama zingeweza kuuvunja mfumo wake wa vibali, iliruhusu kwa muda mfupi mchezaji aliyeitumikia klabu moja kwa miaka 10 kuhama bila kizuizi. Kanuni hiyo haikudumu hata mwaka mzima sawasawa, lakini ilitosha. North Melbourne, klabu iliyoingia ligini 1925 bila kuambulia ubingwa wowote na iliyoshinda mechi moja tu msimu wa 1972, iliwanyakua Barry Davis kutoka Essendon, Doug Wade kutoka Geelong na John Rantall kutoka South Melbourne, na pia ikamchukua Barassi awe kocha wao. Mwaka 1975 waliwachapa Hawthorn kwa tofauti ya pointi 55 na kupata ubingwa wao wa kwanza, nahodha akiwa Davis. Mwaka 1977 fainali iliisha sare ya 76 kwa 76 dhidi ya Collingwood, na kwa desturi ya wakati ule timu zilirudi wiki iliyofuata kucheza mechi nzima upya. North wakashinda 151 kwa 124. Kile ambacho 1964 kiliitwa usaliti, sasa kilikuwa njia ya kujenga timu, na aliyeijenga kwa njia hiyo alikuwa mhamaji mashuhuri kuliko wote.

Aliporudi Melbourne kama kocha, 1981 hadi 1985, muujiza haukutokea. Msimu wa kwanza walishinda mechi moja. Lakini aliacha mbegu ya ajabu. Klabu ilikwenda Ireland kutafuta vijana wa kandanda ya Kigaeli, mchezo wenye udugu na ule wa Australia, ikarudi na Jim Stynes wa Dublin, ambaye alikuwa mgeni katika mchezo wa Australia. Mwaka 1991 Stynes alivishwa medali ya Brownlow. Kijana asiyetoka eneo la klabu yoyote, wala asiye na baba aliyechezea klabu yoyote, alikuwa amekuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Mwaka 1978 mwanahistoria Ian Turner, kwa utani wa kisomi, alichora mstari wa kufikirika unaoikata Australia kutoka kaskazini hadi pwani ya kusini-mashariki: upande mmoja watu wanapenda kandanda hii, upande wa pili, wenye Sydney na Brisbane, wanapenda raga. Akauita Mstari wa Barassi, kwa kuwa Barassi alikuwa akisema kwamba siku moja mchezo huo utatawala nchi nzima. Mwaka 1993, akiwa na miaka 57, alikubali kuvuka mstari wenye jina lake na kuifundisha Sydney, ambayo ilikuwa South Melbourne kabla ya kuhamishwa na ambayo ilikuwa mahututi. Hakushinda kitu huko. Aliondoka 1995 ikiwa inasimama kwa miguu yake, na mwaka uliofuata, chini ya kocha mwingine, ilicheza fainali kuu.

Kwa Melbourne, ubingwa wa 1964 ulibaki kuwa wa mwisho kwa miaka 57. Ulipokuja mwingine, Septemba 2021, ugonjwa wa korona ulikuwa umelifungia jiji la Melbourne ndani, fainali ikachezwa Perth, na nahodha Max Gawn akanyanyua kombe maelfu ya kilomita mbali na MCG. Barassi alikuwa na miaka 85, bado hai kuiona jezi nyekundu na buluu ikipata nahodha bingwa baada yake.

Tangu 2024 nahodha wa timu bingwa huvishwa medali ya Ron Barassi. Fainali ya mwaka huo ilichezwa MCG kati ya Sydney na Brisbane, zote mbili kutoka ng'ambo ya mstari, zote mbili zikiwa na damu ya klabu kongwe za Melbourne, South Melbourne na Fitzroy. Brisbane walishinda kwa pointi 120 dhidi ya 60, na kwa kuwa walikuwa na manahodha wawili, Harris Andrews na Lachie Neale, medali ya kwanza ya nahodha ilitolewa kwa watu wawili kwa pamoja.